Alichosema Musyoka Nyuma ya Jukwaa

Jumatatu, Tassia, nyumbani kwa Ndinda.

Baridi ya Julai haijatuachia. Jua halijaonekana tangu asubuhi, na nguo alizoanika Ndinda kwenye kamba ya veranda hazitakauka leo. Nimejifunika leso mbili, nimekunywa chai hadi nimeichoka, na bado vidole vyangu havijapata joto la kuandika vizuri.

Nyinyi wachache mnaonisoma mmezoea niwaandikie mambo madogo: kwaya, magoti yangu, mchicha niliopanda kwenye mikebe, vituko vya wajukuu. Leo sina jambo dogo.

Jana nilijua kwamba mume wangu alinidanganya kabla hatujaoana, na kwamba maisha yangu yote nimeyajenga juu ya uongo huo.

Nimeiandika sentensi hiyo, nikaifuta, nikaiandika tena. Wacha ikae.

Ngoja nianze mwanzo, maana hata Ndinda, binti yangu ambaye nimelala kwake, alikuwa anajua vipande tu.

Nilizaliwa mtaa wa Ziwani, hapa Nairobi. Baba alikuwa mfanyakazi wa reli, mtu wa kutoka magharibi, mtu wa kanisa na viatu vilivyong'aa. Nikiwa na miaka ishirini na miwili niliimba katika bendi ya vijana wa mtaa iliyoitwa Fanusi. Tulipiga muziki wa soul, ule wa zamani wa Wamarekani weusi, wenye tarumbeta na saksafoni na mtu anayemlilia mpenzi wake mpaka sauti inakwaruza. Kiongozi wetu alikuwa Hezron, jirani yetu, mpiga kinanda. Hezron hakuwa mtu wa kugomba. Ukikosea alisimamisha wimbo, akakutazama kidogo, akaanza upya. Ukipatia, hakusema kitu pia, lakini mabega yake yalishuka. Mimi niliimba kwa ajili ya kuyaona mabega yale yakishuka.

Gari la bendi liliendeshwa na kijana wa Kikamba aliyeitwa Musyoka. Majumbani kwetu hakukuwa na simu, kwa hiyo Musyoka ndiye alikuwa simu yetu. Mazoezi yakiahirishwa, yeye ndiye anakuja kubisha. Alikuwa ananipenda na hakuficha, nami nilikuwa nimeanza kumpenda. Hata Baba, ambaye hakumpenda mtu yeyote wa bendi, alimpenda Musyoka kwa sababu alivua kofia kabla ya kuingia.

Kisha likaja onyesho kubwa. Ukumbi wa mjini, si ukumbi wetu wa mtaa wenye viti vilivyovunjika. Mzungu mmoja alikuja na kamera zake kupiga filamu. Hezron alinipa wimbo wa mwisho niuimbe peke yangu, na Mama akanishonea gauni la kijani ambalo nililijaribu kila jioni mbele ya kioo cha kabati mpaka akaniambia litachakaa kabla ya siku yenyewe.

Siku moja kabla ya onyesho, Musyoka alikuja Ziwani lakini hakutaka kuingia ndani. Tulisimama nje, karibu na bomba la maji. Akaniambia Hezron amemtuma. Kwamba wamempata mwimbaji mwingine, msichana wa kwenye hoteli kubwa, aliyezoea majukwaa. Kwamba nisijisumbue kuja.

"Amesema sauti yako bado haijakomaa," akaniambia, akanishika bega.

Nililia pale pale bombani. Yeye ndiye aliyenipa kitambaa chake nijifute.

Mtaniuliza kwa nini sikuvuka uwanja nikamuulize Hezron mwenyewe. Najiuliza pia. Nadhani mtu akishaambiwa kwamba hafai, haendi kuomba aambiwe tena. Siku chache baada ya onyesho Hezron alikuja nyumbani. Nilimsikia akibisha, nikajifungia chumbani, nikamwomba Mama aseme nimeenda Kakamega kwa nyanya. Mama alisema hivyo. Mwezi haukuisha, Fanusi wakapata kazi ya kupiga kwenye hoteli za Mombasa, wakaondoka.

Mimi nikapata kazi ya ukarani, nikaolewa na Musyoka, tukahamia mtaa wa Umoja, tukazaa watoto wawili. Miaka ikapita. Hezron alirudi Nairobi baadaye sana. Tulikutana kwenye mazishi ya watu wa mtaa, tukasalimiana kwa mikono na kutazamana pembeni. Alipofariki, sikwenda kumzika.

Tangu siku ile ya bombani sijawahi kuimba peke yangu mbele ya watu. Niko kwenye kwaya ya kanisa, sauti ya pili, safu ya nyuma. Mwalimu wa kwaya ameniomba mara nyingi nichukue ubeti. Mwaka jana nilimjibu, "Mwalimu, sauti yangu bado haijakomaa." Kwaya nzima ikacheka, kwa sababu mimi ni nyanya wa watu.

Walidhani nafanya mzaha.

Sasa nije kwenye ya jana.

Hezron aliacha binti anayeitwa Achieng'. Alinipata kupitia blogu hii hii, baada ya kusoma mahali nilipotaja Ziwani na Fanusi. Wiki iliyopita aliniandikia kwamba familia ya yule mzungu imewarudishia kanda zote za onyesho. Amezipeleka kwa watu wanaojua kazi hiyo, zikasafishwa. Akanitumia onyesho lote, na mwishoni sehemu ya ziada ambayo haikuwahi kuonyeshwa popote: mambo ambayo kamera ilinasa nyuma ya jukwaa kabla pazia halijafunguliwa.

"Auntie, wanakutaja huko nyuma," aliandika. "Nimefurahi sana kusikia jina lako kwa mdomo wa Baba. Utapenda."

Ningeweza kuiangalia peke yangu. Lakini jana ilikuwa Jumapili, watoto na wajukuu walikuja kula kwetu Umoja, na nikafikiri, nimezeeka, sasa naweza kumtazama huyo msichana wa hoteli bila kuumia. Kijana wangu Kioko akaiunganisha simu yangu na tivi.

Musyoka aliuliza ni nini. Nikamwambia.

"Mambo ya zamani hayo," akasema. "Si tuangalie mpira?"

"Hakuna mpira saa hizi, Buda," Kioko akamjibu. "Wacha tumwone mathe akiwa msupa." Yaani, kwa lugha yao ya vijana, mama alipokuwa binti mrembo.

"Mimi simo," nikasema. "Mimi niliachwa."

Musyoka alirudi kwenye sahani yake, akaendelea kukata nyama ambayo alikuwa ameshaikata.

Onyesho likaanza. Oh, lilikuwa zuri! Nilisahau uchungu wangu wote. Vijana wale waliovaa suti za kuazima, jasho likiwatoka, saksafoni ikilia mpaka Ndinda akaacha kuosha vyombo akaja kusimama nyuma ya kiti changu. Niliwataja wote kwa majina. Wawili kati yao niliwasindikiza kaburini.

Na muda wote huo nilikuwa namsubiri yule msichana. Nilikuwa nimemchukia miaka mingi bila kumjua sura. Nilitaka kuona amevaa nini, anasimamaje.

Hakuja. Wimbo ukaisha, mwingine ukaanza, hakuja. Wimbo wa mwisho, wimbo wangu, Hezron aliuimba mwenyewe akiwa ameketi kwenye kinanda. Aliushusha chini ili auweze. Hezron hakuwa mwimbaji. Aliimba kama mtu anayemsomea mgonjwa barua. Kando yake, mbele kabisa ya jukwaa, ilisimama maiki, na nyuma ya maiki hapakuwa na mtu.

"Yule msichana yuko wapi?" nikauliza kwa sauti. Hakuna aliyejua ninamzungumzia nani.

Musyoka alisimama akasema anaenda kuangalia kama geti limefungwa.

Kisha picha ikabadilika. Ikaja ile sehemu ya ziada, haina mpangilio, kamera inayumba. Korido nyembamba. Mpiga saksafoni anakula mandazi huku ameikumbatia ala yake. Mwingine anapangusa viatu kwa ncha ya pazia la watu. Tukacheka. Hezron anapita, tai haijafungwa, anauliza, "Rispa amefika?" Mimi ndiye Rispa. Hakuna anayemjibu. Anapita tena, anauliza tena.

Nilishika mkono wa kiti.

Mlango wa korido ukafunguliwa, na Kioko akaruka. "Wueh! Si huyu ni Buda!"

Nyumba nzima ikalipuka kwa kicheko. Alikuwa mwembamba, ana nywele nyingi, shati lina kola pana. Wajukuu walikuwa wanabingirika kwenye zulia. Ndinda akaita, "Baba, njoo ujione!" Naye akaja, hakuwa na la kufanya, akasimama kwenye mlango wa jikoni.

Kwenye tivi Hezron alikuwa anamuuliza, "Umemwacha wapi Rispa?"

"Amekataa kuja," akasema Musyoka kijana.

"Amekataa vipi?"

"Amesema amechoka na mambo ya bendi. Anataka kutulia. Amesema usimtafute."

"Ni mgonjwa? Kuna kitu nimemkosea?"

"Hapana. Amesema tu basi."

Hezron alimtazama kwa muda, namna ile aliyotutazama tukikosea. Lakini safari hii hakuanza upya. Alimgeukia kijana wa vyombo akamwambia, "Maiki yake usiitoe. Anaweza kubadilisha nia."

Ndinda ndiye aliyechukua rimoti akasimamisha. Picha ikaganda na mume wangu katikati, kijana, mdomo wazi kidogo.

Watoto wadogo bado walikuwa wanacheka. Mkwe wangu aliwapeleka nje.

Sikupiga kelele. Ningependa kuandika kwamba nilipiga. Nilimgeukia tu pale mlangoni alipokuwa amesimama.

"Hezron alikutuma uje kuniambia sauti yangu haijakomaa?"

"Mama Ndinda, hayo ni ya kitambo."

"Alikutuma?"

Akaegemea fremu ya mlango. Halafu, "Hapana."

"Hayo maneno uliyatoa wapi?"

"Niliyatunga," akasema. "Njiani, nikija kwenu."

Njiani. Akiendesha. Maneno ambayo nimeyabeba mpaka nikawa nyanya, niliyoyarudia kila nilipoombwa kusimama mbele, niliyoamini yametoka kwenye sikio ambalo halikuwahi kukosea, yalitungwa na dereva akisubiri magari yapite.

"Nilikuwa nimesikia watapelekwa Mombasa," akasema. "Ungeenda nao, Rispa. Usingerudi kwangu."

Hajaniita Rispa tangu Ndinda azaliwe.

"Ungeniuliza," nikamwambia.

"Ungeniambia unaenda." Akawaangalia watoto wetu kama anayetafuta mashahidi. "Na ungeenda, hawa wangetoka wapi?"

"Baba, usinitumie mimi," akasema Ndinda.

Kioko, ambaye hakosi neno hata kwenye mazishi, alikuwa anatazama zulia.

Nilichukua mkoba na koti. Ndinda akanileta hapa Tassia. Njiani hakuniuliza kitu, na ninamshukuru.

Sasa niseme ukweli, kwa sababu hapa ndipo mahali pekee ninaposemea ukweli.

Sililii jukwaa. Labda ningeimba vibaya. Labda ningeenda Mombasa nikarudi na aibu baada ya miezi mitatu. Fanusi wenyewe walisambaratika, kila mtu akarudi kutafuta kazi ya kawaida. Sisemi ningekuwa mtu mkubwa. Ninachosema ni kwamba nilikuwa na haki ya kufeli mwenyewe.

Na kuna hili lingine, ambalo ni baya zaidi. Tangu jana narudi nyuma kwenye maisha yetu, nafungua kila wema wake na kuangalia ndani. Wimbo wa zamani wa soul ukianza kwenye redio ya gari, Musyoka amekuwa akibadilisha stesheni haraka. Mimi nilikuwa naweka mkono wangu juu ya wake. Nilidhani ananionea huruma. Nilijiambia, ona mume niliyepewa, anakumbuka kidonda changu hata mimi nikisahau.

Kumbe alikuwa anajikinga yeye.

Alinifuta machozi aliyonitoa mwenyewe, kisha nikamwoa... tazama, hata kuandika nimekosea. Akanioa. Akanioa kwa shukrani zangu.

Lakini pia huyu ndiye mtu aliyekaa hospitalini wiki nzima nilipofanyiwa upasuaji, akajifunza kupika uji usio na madonge. Hajawahi kuninyanyulia mkono. Hajawahi kulala nje. Ningekuwa nimeolewa na mtu mbaya, leo ingekuwa rahisi.

Asubuhi nilimpigia Achieng'. Nilitaka kumshukuru kwa kanda, nikajikuta namweleza yote.

"Auntie," akasema, "Baba alikuwa anatusimulia juu yako. Alikuwa anasema kulikuwa na msichana Ziwani mwenye sauti kuliko wote, akachoka na muziki siku moja tu. Halafu kila mara anamaliza hivi: 'Mpaka leo sijui nilimkosea nini.'"



Mimi nilidhani alinidharau. Yeye alidhani aliniudhi. Tulisalimiana kwenye mazishi ya watu, kila mmoja akiogopa kumuuliza mwenzake, na aliyekuwa na jibu alikuwa amesimama kando yangu ameshika mwavuli.

Saa sita hivi mlango ukabishwa. Alikuwa Musyoka. Ndinda anakaa ghorofa ya nne na magoti yake ni mabaya kuliko yangu, kwa hiyo alifika anahema, mkono mmoja ukutani. Alikuwa ameniletea dawa zangu za presha, ambazo nilizisahau. Nilizipokea. Sikumkaribisha kiti.

"Nisamehe," akasema.

"Mimi utanisubiri. Kuna mtu mwingine unaenda kwanza."

"Nani?"

"Mjane wa Hezron. Bado yuko Ziwani, nyumba ile ile. Utamwambia kwamba mume wake hakunikosea kitu. Utamwambia ulisema nini na kwa nini."

Akashusha macho. "Mama Ndinda, yule mama ni mzee. Tutamsumbua bure. Si umpigie tu? Au Achieng' amweleze?"

"Uongo uliupeleka kwa miguu yako, ukaingia mpaka nyuma ya jukwaa. Ukweli nao utaupeleka hivyo hivyo."

Mtu wa ghorofa ya juu alishuka na ndoo, akatusalimia, tukaitikia wote wawili kwa pamoja, kama wanandoa.

"Utakuja na mimi?" akauliza.

"Nitakuwepo."

"Na baadaye utarudi nyumbani?"

Sikumjibu, kwa sababu sijui. Nyumba ya Umoja ni yangu pia, na mchicha wangu uko kule. Lakini kurudi nyumbani na kurudi kwake naona si kitu kimoja tena, na sijawahi kulazimika kuvitenganisha. Alishuka ngazi polepole. Nilimsikiliza mpaka chini.

Baada ya hapo, nyumba ikiwa tupu, niliimba ule wimbo. Wote, mpaka mwisho, nikiwa nimesimama katikati ya jikoni na leso zangu mbili. Pale juu sauti ilikatika. Nikarudia pale juu. Ikakatika tena. Jirani aligonga ukuta, sijui kwa kuudhika au kwa kufurahi, na sikutaka kujua.

Kesho saa nne anakuja kunichukua twende Ziwani. Ndinda ananiambia nimpangie Baba cha kusema, maana ataboronga. Hapana. Nitamsalimia mama Achieng', nitaketi, nitaweka mikono yangu mapajani. Na pale Musyoka atakapotafuta neno akalikosa, akanigeukia kama alivyozoea, nitakuwa natazama mbele.

Sitamsaidia hata neno moja.